Mwimbaji Aliyelala Nzaui: Tulipofuatilia Chimbuko la Ukoo Wetu



Hapa Nairobi watu wawili wakikutana mara ya kwanza huulizana majina, na muda si muda huulizana tena: kwenu ni wapi, na wewe ni wa kwa nani? Swali hilo ndilo lililozaa ukurasa huu. Kamati ilipoketi kupanga kijitabu cha jubilei, mmoja wa vijana wetu wa besi aliuliza kwaya hii ilizaliwa na nani. Tulimjibu upesi kwamba ilizaliwa na kanisa letu hapa Kileleshwa. Akauliza tena: na kanisa letu je, lilizaliwa na nani? Hapo tulitazamana.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tukaona si vizuri kusherehekea miaka yetu bila kujua tulikotoka. Basi tukaanza kuhesabu ukoo kama wazee wanavyouhesabu, kizazi kwa kizazi, kwenda nyuma. Kwaya ilianzishwa na washirika waliokuja mjini kutafuta kazi. Washirika hao walikuja na nyimbo walizofundishwa nyumbani, Machakos, Makueni, Kijabe na Bonde la Ufa. Waliowafundisha walikuwa walimu na wainjilisti wa Africa Inland Church. Hao nao walilelewa na misheni ya Africa Inland, iliyokuwa na makao yake Kijabe tangu mwaka 1903, na kabla ya hapo Kangundo. Kabla ya Kangundo, njia ilitupeleka kwenye mlima mmoja wa Ukambani, mlima wa Nzaui, na kwenye kaburi la kijana wa miaka 29.

Jina lake ni Peter Cameron Scott. Wengi wetu tumelisikia katika mafundisho ya ubatizo na tukalisahau baada ya mtihani. Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba kabla ya kuwa mmishenari, babu huyu wa kanisa letu alikuwa mwimbaji.

Sauti iliyopendwa na mwalimu wake

Peter alizaliwa Glasgow, nchini Scotland, tarehe 7 Machi 1867. Mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi, wazazi wake walivuka bahari pamoja na watoto wao wakahamia Marekani, katika mji wa Philadelphia. Walikuwa watu wa kawaida na wacha Mungu, na watoto wao walilelewa katika Neno.

Huko Philadelphia ikaonekana kwamba kijana huyu ana kipawa. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Alifundishwa na mwalimu wa uimbaji Mwitaliano, na mwalimu akaona kwamba mwanafunzi wake angeweza kufika mbali katika opera, yale maigizo ya kuimbwa yaliyopendwa sana na watu wa mijini wakati huo. Wazazi wake hawakutaka. Waliogopa maisha ya ukumbi wa maonyesho na wakaona ni heri mwana wao ajifunze kazi ya mikono. Akaingizwa katika kazi ya uchapishaji.

Lakini wimbo ukishaingia ndani ya mtu hautoki kwa kuamriwa. Sisi wanakwaya tunalijua hilo. Siku moja Peter aliona tangazo la kutafuta waimbaji wa kundi la opera. Akaenda. Alikuwa tayari anapanda ngazi za jengo lile aliposimama. Moyoni mwake alisikia akiulizwa kama maisha yake yatatumika kujitukuza mwenyewe au kumtukuza Mungu. Hapakuwa na mhubiri mbele yake, wala mzazi wa kumkataza. Alikuwa peke yake ngazini. Akageuka, akashuka, akaenda zake.

Tumezungumza juu ya ngazi hizo mara nyingi katika mazoezi ya jubilei hii. Ni rahisi kusema kwamba aliacha dhambi akafuata wokovu, na hadithi ikaishia hapo. Lakini kuimba si dhambi, na sauti yake haikuwa dhambi. Aliacha kitu kizuri ambacho moyo wake ulikipenda, na hakuna aliyemwahidi chochote badala yake.

Jeneza alilolitengeneza mwenyewe

Peter alijiunga na chuo cha kufundisha wamishenari cha A. B. Simpson huko New York, na mwaka 1890, akiwa na miaka 23, akatumwa Kongo. Miezi michache baadaye alifuatwa na kaka yake, John. Ndugu wawili wa tumbo moja wakawa katika shamba moja la Bwana.

Furaha hiyo haikudumu. John alishikwa na homa akafa. Peter hakuwa na fundi wa kumwitia wala jamaa wa kumsaidia kulia. Alitengeneza jeneza la kaka yake kwa mikono yake, akachimba kaburi, akamzika. Hapo kaburini alijitoa tena kwa Mungu kwa ajili ya Afrika.

Haukupita muda mrefu naye akaugua. Mwili ulidhoofika hata ikabidi aondoke Kongo, akarudi Uingereza kutafuta afya. Alikuwa ameshindwa, kwa jinsi binadamu wanavyohesabu. Kaka amekufa, kazi imekatika, na mwili umekataa.

Akiwa London aliingia katika kanisa kuu la Westminster, alikozikwa David Livingstone mwezi Aprili mwaka 1874. Mwili wa Livingstone ulikuwa umebebwa na Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi pwani, safari ya miezi mingi kwa miguu. Juu ya jiwe la kaburi lile limechongwa andiko la Yohana 10:16, pale Bwana Yesu anaposema habari za kondoo wengine wasio wa zizi hili. Peter alipiga magoti mbele ya jiwe hilo, akalisoma andiko, na shauri la kurudi Afrika likakata moyoni mwake.

Tulipofika hapa katika kuhesabu ukoo tuliona jambo. Huyu babu yetu alirudishwa Afrika na makaburi mawili: moja la kaka yake mwenyewe, na lingine la mtu ambaye hakuwahi kumwona. Na hilo la pili lisingekuwapo London bila mabega ya Waafrika walioubeba mwili. Hata wito wa mmishenari wetu wa kwanza umepitia mikononi mwa Waafrika.

Kutoka Mombasa kwa miguu

Mwaka 1895 misheni ya Africa Inland ilianzishwa huko Philadelphia. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo kikundi kidogo kilipanda meli kikiongozwa na Peter. Miongoni mwao alikuwamo dada yake, Margaret, na kijana mmoja wa Kanisa la Marafiki kutoka jimbo la Ohio, Willis Hotchkiss. Walifika Mombasa mwezi Oktoba. Nia ya Peter ilikuwa kupanda mlolongo wa vituo kuanzia bara ya Kenya, kituo baada ya kituo, hadi Ziwa Chad katikati ya Afrika.

Wapendwa, tujaribu kuiona nchi ilivyokuwa. Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao Afrika Mashariki miezi michache tu kabla. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Ilifika hapa Nairobi mwaka 1899, na kabla ya hapo Nairobi ilikuwa mto wa maji baridi na kinamasi ambako Wamaasai walinyweshea mifugo. Aliyetaka kutoka Mombasa kwenda bara alitembea. Alipita nyika ya Taru isiyo na maji, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Njia ya Ukambani haikuwa ngeni kwa Injili. Ludwig Krapf alikuwa ameipita mwaka 1849, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, na ndipo alipouona Mlima Kenya. Lakini Krapf alirudi pwani na hakuacha kituo Ukambani. Mwezi Desemba 1895 Peter na wenzake walifika Nzaui, katika kaunti ya leo ya Makueni, wakajenga kituo cha kwanza.

Mwaka uliofuata Peter hakupumzika. Vituo vikaongezeka hadi vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Kila kituo kilitaka nyumba, bustani, mahali pa kutibia wagonjwa na mahali pa kufundishia watoto. Kila kituo kilitaka pia Kikamba, lugha waliyojifunza kutoka midomoni mwa wenyeji, neno moja baada ya jingine. Kwa kazi hiyo yote Peter alitembea karibu maili 2,600 katika mwaka mmoja. Ni kama kutoka hapa Kileleshwa kwenda Mombasa na kurudi zaidi ya mara nne, kwa miguu.

Jamaa nzima

Kuna jambo moja lililotugusa kuliko yote. Mwaka 1896, wazazi wa Peter wenyewe waliacha Philadelphia wakaja Ukambani, pamoja na binti yao mdogo, Ina. Fikiri juu ya wazazi hao. Walikuwa wamekwisha kumzika John kwa mbali, bila kuliona kaburi lake. Walikuwa wamemtoa Peter, wamemtoa Margaret. Sasa walijitoa wenyewe. Wazazi waliomkataza mwana wao kuimba jukwaani kwa kuogopa maisha ya huko, hawakumkataza Afrika, ambako mwana mwingine alikuwa amekufa.

Kwa hiyo misheni iliyotuzaa haikuanza kama ofisi. Ilianza kwa sehemu kubwa kama nyumba ya watu wa damu moja: baba, mama, mwana na mabinti.

Lakini hawakukaa pamoja muda mrefu. Uchovu wa safari zile ulikuwa umeula mwili wa Peter. Mwishoni mwa mwaka alishikwa na homa kali ya malaria, ile inayougeuza mkojo kuwa mweusi, ambayo wakati ule haikuwa na dawa. Alifariki tarehe 4 Desemba 1896, wazazi wake wakiwa nchini, akazikwa Nzaui. Alikuwa amekaa Kenya miezi kumi na mitatu hivi, na hakuacha mtoto.

Kwa desturi zetu nyingi, kijana anayekufa bila mtoto ukoo wake umekatika. Jina lake halina wa kuitwa. Ndiyo sababu swali la yule kijana wetu wa besi lilitupa kazi kubwa kuliko tulivyodhani, kwa kuwa ukoo tuliokuwa tunaufuatilia ulianzia kwa mtu aliyekufa bila mzao.

Mti uliokatwa

Waliobaki hawakuwa na nafasi ya kuomboleza. Wengine waliugua wakafa. Wengine waliondoka kwa kuvunjika afya au moyo. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Yua ya Ngomanisye, ikaua watu wengi mno Ukambani. Kufikia mwaka 1899 misheni nzima ilikuwa imebakiwa na mmishenari mmoja, William Bangert. Mtu mwenye akili timamu angesema kazi ya Scott imekufa naye.

Lakini mti uliokatwa ulichipua. Charles Hurlburt, aliyeongoza chuo cha Biblia huko Pennsylvania, alikuja na mke wake na watoto wao, akaiongoza misheni kwa miaka mingi. Mwaka 1903 makao yakahamia Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mwaka 1909 kazi ikavuka hadi Nassa, katika Tanzania ya leo, na mwaka 1912 ikaingia Kongo. Kwa hiyo ndugu zetu wa kwaya za AIC za Mwanza na Dar es Salaam, ambao kanda zao tulizisikiliza hadi zikakatika, ni binamu zetu wa ukoo huu. Willis Hotchkiss naye, yule wa Ohio, mwaka 1902 alikwenda na wenzake wawili hadi Kaimosi wakaanzisha kazi ya Kanisa la Marafiki. Basi hata majirani zetu Wakweka, tunapokutana nao kwenye mashindano ya nyimbo, tunakutana na watu waliopitia Nzaui.

Hapa kwetu Neno likaandikwa kwa lugha ya watu. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Kukawa na vitabu vya nyimbo, na mashule, na hospitali. Mwaka 1943 kanisa likapata jina lake, na mwaka 1971 misheni ikakabidhi kazi yote kwa kanisa chini ya viongozi Waafrika, Askofu Wellington Mulwa akiwa mbele. Watoto wa watoto wa wale waliofundishwa nyimbo Ukambani na Kijabe ndio waliokuja mjini, wakakuta hapa Kileleshwa nyumba za maofisa na vibanda vya watumishi nyuma yake. Jumapili, baada ya vyombo kuoshwa na bustani kumwagiliwa, wakatafutana, wakaimba.

Majina tusiyoyasoma

Tungekuwa waongo kama tungeishia hapo. Tulipokuwa tukifuatilia historia hii tuliona kwamba ukoo wetu una upande mmoja tu unaosomwa. Tunayo tarehe ya kuzaliwa kwa Peter. Tunayo majina ya dada zake. Lakini waliobeba mizigo kuvuka Taru ni nani? Ni mzee gani wa Nzaui aliyekubali wageni wajenge kwenye nchi yake? Ni mama gani aliyewauzia mtama na maharagwe mwaka ule wa kwanza? Ni nani aliyeketi na mgeni jioni akimsahihisha matamshi, hadi mgeni akaweza kuomba kwa Kikamba? Na ni mtoto gani wa kwanza aliyeimba wimbo ule mgeni, akausikia unafaa, akaenda nao nyumbani kwao?

Hao nao ni mababu na nyanya za kwaya hii. Pengine kuliko wote, maana wamishenari waliondoka na wimbo ukabaki na watu. Hatusomi majina yao katika jubilei, na aibu hiyo ni yetu pia. Tumeshindwa kutunza majina ya watu wa mwaka 1896, lakini je, ya jana tumeyatunza? Tulipotaka kuorodhesha wanakwaya waanzilishi wa kwaya yetu wenyewe, wazee watatu walitupa orodha tatu. Walimu wa kwaya wa miaka ya mwanzo tuliwakumbuka kwa majina ya utani. Mama mmoja aliyeshona sare ya kwanza, iliyovaliwa na kuombolezewa ilipochakaa, tunamjua kama Mama wa Sare tu.

Swali la ngazini

Leo tutaimba na vipaza sauti, na kinanda cha umeme, na kamera zikiturekodi. Tutavaa sare mpya. Hakuna ubaya katika hayo, na tumeyafanyia kazi kwa jasho. Lakini tumekubaliana kamati nzima kwamba kabla ya kupanda jukwaani kila mwanakwaya atasimama kidogo, kama alivyosimama yule kijana wa Philadelphia, na kujiuliza swali lile lile. Jibu lake alitoe moyoni mwake mwenyewe.

Peter Scott aliacha kuimba mbele ya watu wachache wenye tiketi. Hakuona kwaya yoyote ya Waafrika ikisimama kuimba sauti nne. Alikufa kabla. Sisi ndio ile kwaya ambayo hakuiona.

Ombi letu kwako, msomaji, ni dogo. Kurasa mbili za mwisho za kijitabu hiki tumeziacha wazi. Kabla hujaondoka leo, andika hapo jina kamili la mtu aliyekufundisha wimbo wako wa kwanza, na mahali alipokufundishia. Kama ni nyanya yako jikoni, andika. Kama ni mwalimu wa Sunday School aliyekupiga kwa kukosea ufunguo, andika, na umsamehe. Kisha wape karani wa kwaya nakala. Tutayakusanya majina hayo katika daftari moja, ili jubilei ijayo, kijana mwingine wa besi atakapouliza kwaya hii ilizaliwa na nani, tusitazamane tena.

Bwana awabariki, na karibuni tuimbe.